Baba Alipomwamkia Masanja

Juma lililopita vijana wawili walipita mtaani kwetu hapa Shinyanga na kopo la rangi nyekundu ya mafuta, wakiandika namba kwenye kuta za nyumba. Hawakuja kubomoa. Walikuwa wanahesabu nyumba tu, na walikuwa na adabu. Lakini ile harufu ya rangi ilipoingia dirishani niliacha vyombo, nikakaa kwenye ndoo niliyoigeuza, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka yakaendelea. Baba ana miezi mitatu tangu tumzike. Wanangu walidhani msiba umenirudia, wakaniletea maji ya kunywa. Sikuwaambia kitu. Ningewaambia babu yao alikuwa akimpa shikamoo kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma, wasingenielewa. Watu wa rika langu wataelewa, kwa sababu sisi tulilelewa wakati shikamoo ilikuwa inapanda upande mmoja tu, kama moshi.

Tulikuwa tunakaa upande wa Geita, kwenye kitongoji cha wachimbaji si mbali sana na Rwamgasa. Baba alitoka Mhunze baada ya pamba kumchosha, akaja na msumeno, randa na mke. Hakuwahi kushuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hata siku moja. Alisema ardhi imemzeesha vya kutosha akiwa juu yake, hana haja ya kuifuata chini. Kazi yake ilikuwa kuchonga matimba, ile miti inayoegemeza kuta za duara zisiwaporomokee wachimbaji. Biashara hiyo ilipanda na kushuka, kuna wiki ilikuwa haipo kabisa. Mama alikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara: asubuhi michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, mchana ugali na dagaa. Kibanda ndicho kilichotulisha na kutuvisha. Nalisema hili mapema, kwa kuwa bila kulijua mtu hataelewa kwa nini mama alikaribia kumwacha baba kwa sababu ya salamu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa letu, kanisa dogo la bati lenye mlango mmoja. Katika mambo yote aliyoyashika kwenye imani, hakuna alilolishika kwa nguvu kama kuwaheshimu wenye mamlaka. Aliamini hakuna anayekalia kiti bila Mungu kujua, hata kama kiti chenyewe ni cha plastiki. Gari la serikali likipita, aliweka msumeno chini, akavua kofia yake ya pama, akasimama wima. Na sisi tukasimama. Siku moja tulisimama juani mikono imenyooka, gari likapunguza mwendo kwenye shimo, tukaona ndani kuna dereva peke yake, na nyuma mbuzi watatu wamefungwa miguu. Kaka yangu Shija akacheka.

"Unacheka nini?" baba akauliza.

"Tumewasimamia mbuzi, baba."

"Hujasimamia mbuzi. Umesimamia gari."

Mimi sikuuona vizuri mpaka kati ya vitu hivyo viwili. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nikikutana na mbuzi njiani nasita kidogo, isije ikawa ana cheo.

Jumapili baba ndiye aliyeongoza maombi ya viongozi. Alianza na Rais, akashuka kwa Makamu, Waziri Mkuu, mawaziri kwa ujumla wao, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, Mbunge, Diwani, watendaji wa kata na wa kijiji, Mwenyekiti wa Kijiji, Mwenyekiti wa Kitongoji, hadi balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa kawaida alikuwa amekaa benchi la tatu akisubiri zamu yake. Kila mmoja aliombewa afya, hekima, ndoa na safari. Mimi sikuwahi kumfikia Diwani nikiwa macho.

Nyumbani hakuruhusu kiongozi asengenywe. Jirani akija na maneno, "Hawa viongozi wetu, Baba Shija, yaani hawa," baba alimkatisha taratibu:

"Umemwambia mwenyewe?"

"Aah, mimi nimwambie wapi?"

"Mwambie yeye kwanza. Mimi nitasikia baadaye."

Watu wakaacha kutuletea habari. Mama alilalamika kwamba katika kitongoji kizima nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho kujua chochote, hata mvua.

Mambo yalikwenda hivyo bila shida mpaka Masanja alipochaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Kitongoji.

Masanja alikuwa kijana mwembamba, mchangamfu, ana mke na mtoto mmoja mchanga. Kazi yake ilikuwa kuendesha karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Alikuwa amekulia mikononi mwa wazazi wangu. Baba alimfundisha kusoma kwenye shule ya Jumapili, akamtoa miiba miguuni, na mara moja alimchapa viboko viwili kwa kulala wakati wa maombi ya viongozi. Mama alimpangusa kamasi na kumlisha siku ambazo kwao hakukupikwa. Watu walimchagua kwa sababu alikuwa anaongea vizuri, na aliyeshindana naye alikuwa haongei kabisa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naenda kisimani na baba, Masanja akatokea mbele yetu na baiskeli. Akaanza kufungua mdomo kumwamkia baba kama siku zote. Baba akamwahi. Akavua pama, akaishika kifuani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Baiskeli ikaingia mtaroni na Masanja akiwa juu yake. Alisimama, akajikung'uta, akamtazama baba kama mtu aliyeambiwa mama yake ni mwanaume.

"Baba. Ni mimi, Masanja."

"Nakufahamu. Shikamoo."

"Shikamoo, baba."

"Nimetangulia mimi, Mwenyekiti."

Wakabaki wamesimama. Shikamoo mbili zilikuwa hewani na hakuna aliyeweza kuitikia hata moja. Baba hakuweza kumwitikia kiongozi marahaba. Masanja hakuweza kumwitikia marahaba mtu aliyemchapa. Na kwa kuwa hakuna aliyeitikia, hakuna aliyeweza kuendelea kuongea, maana kwetu mazungumzo hayaanzi mpaka salamu iishe. Mwisho Masanja aliinua baiskeli yake, akaondoka anakimbia huku anaisukuma, ingawa haikuwa imeharibika.

Mama alizipata habari kabla hatujarudi na maji. Hiyo tu ingemwonyesha baba kwamba jambo ni kubwa.

"Baba Shija, ni kweli umemwamkia Masanja? Masanja niliyempangusa kamasi?"

"Sikumwamkia Masanja. Nimemwamkia Mwenyekiti."

"Wanakaa mwili mmoja."

"Hiyo ni shida yao wenyewe."

"Basi msalimie kwa Kisukuma. Sema mwangaluka, na yeye aseme mwangaluka, hakuna mkubwa hakuna mdogo, mmalizane."

Baba alifikiri kwa dhati, akatikisa kichwa. "Serikali haisalimiwi kwa Kisukuma."

Kuanzia siku hiyo uongozi wa kitongoji haukufika kwetu. Masanja akiwa na tangazo, alilitangaza kwa jirani wa kushoto na jirani wa kulia, akaturuka katikati.

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa na maelezo yangu. Niliamini kabisa kwamba uchaguzi humzeesha mtu. Baba hakuwahi kukosea salamu. Kama amemwamkia Masanja, basi Masanja amekuwa mkubwa kuliko baba, na kama amekuwa mkubwa lazima iwe ilitokea siku ya kupiga kura. Nilikwenda kuhakikisha. Nilijificha nyuma ya rundo la viroba karibu na karasha nikamsubiri atoke. Alipotoka, kichwa chake kilikuwa cheupe chote, na nyusi pia. Lilikuwa vumbi la mawe. Alikuwa akitoka hivyo kila siku kwa miaka, lakini sikuwahi kumwangalia kwa makini kabla hajawa na cheo. Nikaona mvi. Wiki moja tu, nikawaza, na kitongoji kimoja tu. Rais je? Nilimhurumia sana Rais. Jumapili iliyofuata nilijitahidi kukaa macho kwenye maombi mpaka kwa Waziri Mkuu.

Bahati mbaya, mwezi huohuo mwalimu alinichagua kuwa monita wa darasa, kwa sababu majina ya wapiga kelele nilikuwa nayaandika yakasomeka. Nilirudi nyumbani nikajiangalia kwenye kioo cha mama, sikuona mvi, lakini nilijua zinakuja. Nikamfuata Shija, aliyekuwa darasa la tano.

"Shija, uniamkie."

"Nikuamkie nani wewe?"

"Mimi ni monita."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikaenda kumshtaki kwa baba. Baba alikuwa ananoa msumeno, akausimamisha. Mama alitoka nje kabisa kuja kusikiliza, mikono kiunoni, kwa sababu aliona mume wake amenaswa. Mtu mwingine angetufukuza. Baba hakuwa na uwezo wa kusema leo hili na kesho lile, hata kwa faida yake.

"Nyumbani huyu ni mdogo wako," akamwambia Shija. "Lakini shuleni amepewa uongozi. Ukivuka geti la shule utamwamkia."

"Baba Shija," mama akasema, "huko tunakoelekea nitamwamkia kuku."

Asubuhi Shija alikuja darasani kwetu na marafiki zake watatu. Akapiga goti kama msichana.

"Shikamoo, Monita."

"Marahaba," nikasema. Nakiri ilikuwa tamu.

"Monita, mimi mwanao sijala."

Nilikuwa na andazi kwenye begi. Niliona wenzangu wote wananitazama. Mtu akikuamkia kisha akakwambia ana njaa, utafanya nini? Nikalitoa. Kesho yake aliniamkia Shija, akaniamkia na rafiki yake wa kwanza, wote hawajala. Keshokutwa walikuwa wanne, wote wamepiga goti, wote yatima. Siku ya Ijumaa nilimwendea mwalimu nikamwambia sitaki tena umonita.

"Kwa nini? Wanakusumbua?"

"Hapana, mwalimu. Wana njaa sana."

Basi, ndipo zikaja alama za rangi nyekundu. Barabara ilikuwa itanuliwe. Watu wa vipimo walikuja na kamba, wakapigilia vigingi, wakaondoka. Wakamwachia Masanja kopo la rangi nyekundu na brashi, awekee X kila jengo lililovuka mstari wa vigingi. Wenye majengo wakapewa siku saba za kuyaondoa wenyewe. Masanja alingoja baba aende porini kukata miti, akapita upande wetu wote wa barabara. Tuliporudi kutoka shule, kibanda cha mama kilikuwa na X kubwa kwenye mbao za mbele, rangi bado inachuruzika. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anakula alikuwa ameegemea hapo bila kujua. Aliposimama mgongo wake ulikuwa na X kamili, na wenzake wakamshauri ahame ndani ya siku saba.

Mama hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara. Huko kulikuwa na baa ya Baba Neema, yenye baraza la saruji lililotokeza mbele kuliko kitu kingine chochote pale. Baraza halikuwa na X.

Baba aliporudi alikwenda kwenye vigingi, akapima kwa hatua. Alipima mara mbili, kama alivyopima matimba, kwa sababu timba likipungua mtu anakufa.

"Kibanda chako kimevuka hatua mbili," akamwambia mama. "Baraza limevuka hatua tatu na nusu."

Mama aliisikia habari ya baraza tu. "Nenda basi ukapige kelele. Nenda kwa Mtendaji. Nenda sokoni, mwambie kila mtu Masanja ameuza alama."

"Nitamwambia yeye kwanza."

"Utamwambiaje, wakati hamjawahi kuvuka shikamoo?"

Lilikuwa swali zuri. Baba alikwenda nyumbani kwa Masanja. Mke wake alitoka na mtoto mgongoni, binti mkweli sana, akasema, "Shikamoo, baba. Amesema hayupo." Baba akashukuru akaondoka. Siku ya pili alimfuata kwenye karasha. Akavua pama, akasema shikamoo. Mashine ilikuwa inanguruma. Masanja akaweka mkono sikioni, akaonyesha kwamba hasikii. Baba akarudia kwa sauti. Kijana mwingine, kwa wema, akaizima mashine ili mzee asikike. Masanja akaiwasha tena.

"Muite jina lake," mama akamwambia. "Sema, wewe Masanja, hebu njoo hapa. Atakuja mbio kama zamani."

"Nikiita hivyo atakuja Masanja. Alama haikuwekwa na Masanja."

Jumapili ilipofika zilikuwa zimebaki siku mbili. Masanja alikuwepo kanisani, amekaa nyuma kabisa. Mama alivaa nguo yake nzuri na uso wa mtu aliyekuja kutazama mpira. Alikuwa na hakika: kwenye maombi hakuna salamu, na Mwenyekiti hawezi kukimbia macho yakiwa yamefumbwa. Baba angemweleza Mungu habari ya baraza, kwa sauti, na kanisa zima lingesikia. Hata mimi nilikaa macho. Baba alishuka kutoka kwa Rais ngazi moja moja, na alipomfikia Mwenyekiti wa Kitongoji mama akaanza kusema "Amina, amina" kabla ya wakati, kama mtu anayesukuma gari. Baba akamwombea Masanja afya. Akamwombea mke wake, na mtoto aote meno salama. Akamwombea kichwa chenye utulivu. Akahamia kwa balozi.

"Mbona hukusema?" mama akamnong'oneza aliporudi kwenye benchi.

"Pale nilikuwa naongea na Mungu. Yeye baraza ameshaliona."

Lakini kanisa letu lilikuwa na desturi moja. Ibada ikiisha, tulitoka kwa mlango mmoja huku tunaimba. Wa kwanza kutoka anasimama nje, wa pili anampa mkono kisha anasimama pembeni yake, wa tatu anawapa mkono wote wawili, mpaka unatengenezwa mstari mrefu na kila mtu amempa mkono kila mtu. Hakuna njia ya kuukwepa. Masanja alijaribu kubaki ndani, akawa anafunga viatu ambavyo havikuwa na kamba, lakini mwisho alilazimika kutoka. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya baba na mama. Alipokaribia nilimtazama kichwani. Alikuwa ameoga, amejipaka mafuta, nywele nyeusi tii. Nikashtuka.

"Mama," nikasema, na sauti yangu haijawahi kuwa ndogo, "Mwenyekiti hana mvi tena. Wameshamtoa?"

Mstari mzima ukacheka. Mchungaji akageukia ukuta. Masanja mwenyewe akacheka bila kutaka, na akiwa bado anacheka mkono wake ukajikuta ndani ya mkono wa baba.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Kicheko kikakatika. Nyuma yake watu walikuwa wamesongamana mlangoni. Bibi mmoja mzee, aliyekuwa akifuata, akamgusa mgongoni kwa fimbo yake.

"Itikia tupite, mwanangu. Jua linaniua."

Masanja akatazama juu, akatazama chini. "Marahaba," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Baba akainamisha kichwa. "Asante, Mwenyekiti. Nina neno moja. Kibanda cha mke wangu kimevuka mstari hatua mbili. Alama yake ni ya haki, nitakitoa mwenyewe kesho. Baraza la baa limevuka hatua tatu na nusu, na halina alama. Hapo umekosea."

Hakupandisha sauti. Pama ilikuwa bado kifuani. Sijawahi kusikia mtu akiambiwa amekosea kwa adabu kama ile, na niliona ilivyoingia, kwa sababu Masanja hakupata mahali pa kukasirikia.

"Nitaliangalia, baba. Mwenyekiti... nitaliangalia, mzee."

"Asante, Mwenyekiti," baba akasema, akamsogeza kwa mkono kwenda kwangu.

Aliyekasirika alikuwa mama. "Utakitoa mwenyewe?" akamuuliza njia nzima. "Utakitoa mwenyewe?"

Jumatatu alikitoa. Mama alikataa kuondoka ndani. Alikaa kwenye kigoda chake mbele ya mafiga, akakoroga ugali, na baba akabandua mbao za kushoto, za kulia, za mbele, akashusha bati, akang'oa nguzo, mpaka mama akawa amekaa peke yake katikati ya uwanja, chini ya jua, anapakua. Wateja waliendelea kula. Hakumpakulia baba, siku hiyo wala iliyofuata. Alikunja nguo zake kwenye kitenge, akakifunga, akakiweka mlangoni.

"Nikifika Mhunze nitawaambia nini?" akasema. "Kwamba mume wangu amenibomolea kwa heshima?"

Nilikiona kile kitenge nikaelewa, kwa mara ya kwanza katika habari hiyo yote, bila kukosea. Sikwenda kucheza.

Jumanne asubuhi baba alikwenda ng'ambo ya barabara, akasimama mbele ya lile baraza. Hakuwa na bango, hakuongea na mtu. Baba Neema alimletea kiti. Akashukuru, akasimama pembeni ya kiti. Masanja alipopita na baiskeli kwenda karasha, baba akavua pama.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba," Masanja akasema haraka, akapita. Jioni akarudi. "Shikamoo, Mwenyekiti." "Marahaba." Hakuna zaidi. Jumatano vilevile. Wanawake wengine wenye vibanda vilivyowekewa X walianza kusimama pembeni ya baba, mmoja wao mkubwa kuliko bibi yangu. Hakuna aliyetukana. Masanja akitokea tu, mstari mzima unainama: shikamoo, Mwenyekiti. Alijaribu kupita nyuma ya soko. Wakahamisha watu wawili huko.

Alhamisi mama alitoka ndani na mwiko mkononi. Nilidhani anakwenda kumpiga mtu, sikujua nani. Alivuka barabara, akasimama kando ya baba bila kumtazama. Masanja akaja, uso umemsinyaa kwa kukosa usingizi. Mama alipiga goti, yeye aliyempangusa kamasi, akapiga goti kabisa, vumbini.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Masanja alishuka kwenye baiskeli akaiacha ianguke. "Mama Shija, usinifanyie hivyo."

"Nimekufanya nini? Nimekusalimia."

 Masanja akageuka, akaenda kwake kwa miguu, akarudi na kopo na brashi. Akachora X kwenye baraza la Baba Neema, kubwa kuliko zote, rangi ikamrukia mpaka shavuni.

Baba Neema akatoka. "Masanja, mbona hivyo? Na yule mbuzi niliyewachinjia siku ya ushindi?"

"Mbuzi aliliwa na Masanja," Masanja akasema. "Alama ni ya Mwenyekiti."

Nilimwona baba anavaa pama yake, taratibu, kwa mikono miwili.

Nimekaa kwenye makanisa mengi tangu hapo. Nimesikia wanaofundisha kwamba kiongozi akishakuwa kiongozi, mkristo anyamaze. Nimesikia na wengine wanaowatukana viongozi kwenye simu zao kutwa nzima, kisha wanaombea nchi. Sina elimu ya kuamua kati yao, nilikomea darasa la saba. Najua tu kwamba baba hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo, na kwamba Masanja aliwahi kuniambia, akiwa mtu mzima, kwamba angetukanwa wiki ile asingechora kitu.

Baraza lilivunjwa. Siku iliyofuata Masanja alikuja kwetu na nyundo, bila kuitwa, kusaidia kukisimamisha kibanda cha mama hatua mbili nyuma ya kilipokuwa. Kile kitenge kilikuwa bado mlangoni, kimefungwa. Masanja alipanda juu kupigilia bati, misumari mdomoni. Baba akasimama chini na bati la pili, akalinyanyua.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Masanja akatema misumari mkononi. "Marahaba, baba. Shika hapo kwenye kona, lisimwangukie mama."

Mama alikuwa chini yake, ameshawasha moto kabla hata ya paa. Akasema kwa Kisukuma kwamba wote wawili hawana akili, akaniagiza nikalete sahani, tatu, na nikipita mlangoni nikifungue kile kitenge nizirudishe nguo zake sandukuni.

Baba akashika pale pale alipoambiwa.